Historia ya magari ya zamani ya Safari Rally na watu wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaulizwa na watu wa aina tatu: waliorithi gari kuukuu lenye fununu kwamba liliwahi kukimbia Safari, waliokuta picha za baba au babu akiwa kando ya Peugeot iliyojaa matope, na wanaotaka kununua gari ambalo muuzaji analisifia historia kabla hajataja bei. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye kesi zinazosumbua hata waliozoea kazi hii. Mwenye haraka aanze na swali la uzito wa ushahidi, kwa sababu majibu mengine mengi yanalitegemea.

## Mambo ya msingi

Mbona mashindano haya ya magari yana majina tofauti kwenye vitabu na magazeti?

Kwa sababu yalibadilishwa jina zaidi ya mara moja. Yalianza tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953 kama Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari; njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katikati ya miaka ya 1970, njia ilipobaki ndani ya Kenya peke yake, jina likawa Safari Rally. Yaliingia kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1973, yakatoka baada ya mashindano ya 2002, yakarudi 2021.

Unapotafuta kwenye maktaba au kwenye intaneti, tumia majina yote matatu. Ukiandika "Safari Rally 1958" peke yake, utapitwa na mengi.

Nianze na gari au nianze na dereva?

Anza na mwaka. Ukishaujua mwaka, orodha ya washiriki inakupa namba ya mlangoni, dereva, nevigeta (mwenzake anayemwelekeza njia), aina ya gari na daraja lake. Bila mwaka utazunguka tu, kwa kuwa namba za mlangoni zilitolewa upya kila mara. Kuna namba 11 ya kila mwaka, na kila moja ni gari jingine.

Kama huna mwaka bali una picha, nenda kwenye swali la picha. Kama una gari tu, nenda kwenye sehemu ya gari lenyewe, kisha urudi hapa.

Nina mwaka. Nitajuaje haraka nani alikuwa mbele?

Haya ni matokeo yanayoulizwa zaidi. Peugeot 404 ilishinda 1963 na 1968 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell. Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young ilishinda 1964. Mwaka 1965 ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS na 1971 kwa Datsun 240Z. Hannu Mikkola na Gunnar Palm, kwa Ford Escort RS1600, wakawa washindi wa kwanza kutoka ng'ambo mwaka 1972.

Joginder alirudi kileleni 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, David Doig akiwa nevigeta wake mara zote mbili. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Ian Duncan wa Kenya alishinda 1994 kwa Toyota Celica.

Orodha ya washindi ni mwanzo tu, na ni sehemu iliyoandikwa sana tayari. Magari mengi yaliyobaki kwenye mabanda na nyuma ya gereji ni ya watu waliomaliza wa tisa, au ambao hawakumaliza kabisa, na hao ndio wanaohitaji mtafiti.

"Gari la kiwanda" lina tofauti gani na gari la dereva binafsi?

Gari la kiwanda liliandaliwa na kumilikiwa na kampuni iliyolitengeneza au wakala wake, likaletwa na mafundi na vipuri. Dereva binafsi alijigharamia, mara nyingi akisaidiwa na gereji yake au duka la mjini. Kwa mtafiti, tofauti kubwa iko kwenye karatasi: gari la kiwanda huacha nyaraka Ulaya au Japani, la mtu binafsi huacha nyaraka hapa nyumbani, zikiwa zimetawanyika.

Mpaka kati ya aina hizi mbili haukuwa ukuta. Volvo aliyoshindia Joginder mwaka 1965 ilikuwa gari lililokwisha kutumika kabla hajalipata. Magari mengi ya kiwanda yaliuzwa papa hapa baada ya mashindano, yakaendelea kukimbizwa na wenyeji mpaka yakachakaa. Kwa hiyo gari moja laweza kuwa na maisha mawili au matatu ya mashindano, na kila moja linatafutwa mahali pake.

## Kutafuta ushahidi

Ushahidi upi una uzito zaidi?

Kilichoandikwa au kupigwa picha wakati ule ule kinatangulia kila kitu. Orodha ya washiriki, kadi ya muda iliyogongwa mhuri kwenye vituo, gazeti la wiki ile, negativu yenye tarehe, barua kati ya dereva na wakala wa magari: hivi ndivyo vya kuegemea. Baada yake yanakuja maelezo ya mtu aliyekuwepo, hasa yakipatikana kwa watu wawili ambao hawajakaa pamoja kuyapanga. Vitabu na makala za baadaye ni vya tatu. Maneno ya muuzaji hayamo kwenye orodha.

Andika kila dai pamoja na lilikotoka. Mimi hutumia daftari lenye safu nne: tarehe, jambo, chanzo, na jina la aliyeniambia. Safu ya nne huonekana ya kupoteza muda mpaka siku unapogundua kwamba vyanzo vyako vitano vyote vilinukuu mtu mmoja.

Magazeti ya zamani yanapatikana wapi, na niyasome vipi?

Nairobi, anza na Idara ya Nyaraka za Taifa na maktaba ya McMillan, yenye hazina ya magazeti ya zamani; uliza kwanza kama chumba cha magazeti kiko wazi. Tafuta East African Standard na, kuanzia 1960, Daily Nation. Upande wa Tanganyika na Tanzania, tafuta Tanganyika Standard. Mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuulizia. Upande wa Uganda ni Uganda Argus, na pa kuanzia ni Makerere. Walioko Uingereza wanaweza kupata mengi ya magazeti haya British Library, London.

Usiruke magazeti ya Kiswahili. Baraza la Nairobi na Ngurumo la Dar es Salaam yalisomwa na watu waliosimama kando ya barabara kuyatazama magari, na jina ambalo halimo kwenye gazeti la Kiingereza huenda ukalikuta humo.

Kuna njia ya kuokoa siku nzima ya kuzungusha mikrofilamu (filamu zenye picha za kurasa za magazeti). Baada ya miaka michache ya mwanzo, Safari ilihamia Pasaka na ikakaa hapo hadi katikati ya miaka ya 1990. Basi tafuta kwanza Pasaka ya mwaka wako iliangukia lini. Pasaka ya 1965 ilikuwa tarehe 18 Aprili. Ya 1968 na ya 1974 zote zilikuwa tarehe 14 Aprili. Soma magazeti kuanzia wiki mbili kabla, ndipo orodha za washiriki na matangazo ya wauza matairi yanapotokea, hadi wiki moja baada. Jedwali kamili la matokeo huja siku za baadaye, likiwa limebanwa chini kwa herufi ndogo, na waliotoka njiani wamewekwa mwishoni. Piga picha ukurasa mzima, si kipande unachokitaka tu. Ukirudi nyumbani utakuta jina la fundi kwenye tangazo la pembeni.

Nina picha isiyo na maandishi. Nitaitambuaje?

Igeuze kwanza. Mhuri wa studio, namba ya negativu au maneno mawili ya kalamu nyuma yake yanaweza kumaliza kazi. Usiitoe kwenye albamu kwa nguvu kama imegandishwa. Ipige picha ilipo.

Kisha itazame mbele kwa kioo cha kukuzia. Kibao cha mashindano kwenye boneti au bampa hubeba jina la mashindano, na jina peke yake linakupa kipindi, kama ilivyoelezwa kwenye swali la kwanza. Soma namba pleti: Kenya ilianza na K, Uganda na U, Tanganyika na baadaye Tanzania na T. Namba ya Kenya yenye herufi ya mwisho baada ya tarakimu ni ya mwaka 1989 au baadaye. Magari mengi ya kiwanda ya Ford yalivaa namba za Uingereza, na ya Datsun mara nyingi yalivaa namba zilizoanza na TKS, za Tokyo.

Mwisho tazama nchi yenyewe. Mistari ya mkonge nyuma ya gari, udongo mwekundu na mlima unaoinuka ghafla inaweza kuwa Mwatate chini ya milima ya Taita, lakini inaweza pia kuwa Korogwe chini ya Usambara. Hapo ndipo mwaka unapoamua, kwani baada ya katikati ya miaka ya 1970 njia haikuvuka tena kwenda Tanzania. Mpelekee mwenyeji wa mahali picha hiyo. Mtu aliyekulia Voi atakutajia kilima kwa jina bila kusita.

Je, kuna filamu na sauti?

Zipo. British Pathé wameweka filamu zao za zamani kwenye intaneti, na humo mna za Safari. Jarida la Motor Sport la Uingereza limeweka matoleo yake ya zamani kwenye tovuti yake, na taarifa zake za miaka ya 1960 na 1970 zina majina mengi. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, ni miongoni mwa walioipiga Safari picha. Matangazo ya redio ya Sauti ya Kenya watu wazima wanayakumbuka mpaka leo. Ukipata mtu aliyeyarekodi kwenye kaseti nyumbani, mshike mkono, uzigeuze kaseti hizo kuwa za kidijitali kabla utepe haujaoza.

Logbuku (kitabu cha usajili wa gari) itanipa majina ya wamiliki wote wa zamani?

Usiitegemee kwa hilo. Nakala ya zamani ya karatasi, ikiwa bado ipo, ni lulu kwa sababu ya mihuri na tarehe zake, na mara nyingi iko kwenye sanduku la mmiliki wa awali kwa sababu gari liliacha kutumia barabara. Huko Tanzania tafuta kadi ya gari. Rekodi za leo za mamlaka ya usajili zimejengwa kwa ajili ya mmiliki wa sasa. Kumbuka pia kwamba taarifa za watu zinalindwa na sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Omba kwa barua, eleza sababu, na usimpe ofisa chochote cha kumshawishi akuchungulie faili.

Watengenezaji wa magari wanajibu barua?

Wengi wanajibu, lakini uliza swali dogo. Ukiandika "naomba historia ya gari langu" utapewa shukrani tu. Ukiandika "chesisi namba hii ilitoka kiwandani tarehe gani, rangi gani, ikapelekwa kwa wakala yupi", utapata jibu. Mercedes-Benz wana hifadhi yao Stuttgart. Kwa Austin, Morris, MG na Triumph, kuna hifadhi ya Gaydon, Uingereza, inayotoa cheti kinachonukuu daftari la kiwanda. Cheti cha namna hiyo kinakwambia gari lilivyozaliwa. Kilichotokea baadaye utakitafuta mwenyewe.

## Gari lenyewe

Nitatambuaje gari lililokimbia Safari kweli?

Gari la Safari liliandaliwa kwa matope, mawe, mito na wanyama, na maandalizi hayo huacha makovu kwenye chuma. Lala chini uangalie. Tafuta vyuma vya ziada vilivyochomelewa pale viungo vya magurudumu vinaposhika bodi, matundu ya boliti za bulbaa (vyuma vya kinga) mbele, bamba nene chini ya injini, na sehemu ya kufungia magurudumu mawili ya akiba. Tangi kubwa la petroli huacha alama hata likishatolewa. Ndani, angalia mbele ya kiti cha nevigeta: matundu ya kufungia saa, kifaa cha kupimia umbali na taa ndogo ya kusomea ramani.

Mlango ndio unaosema zaidi. Kwenye pembe ya chini, karibu na bawaba, ambako mpakaji rangi hakufika vizuri, sugua kwa msasa wa maji laini, taratibu, eneo lisilozidi ukubwa wa sarafu. Rangi zitajitokeza kwa tabaka. Ukikuta rangi ya timu fulani chini ya tabaka mbili za rangi za baadaye, umepata kitu. Ukikuta rangi hiyo ndiyo ya juu kabisa na chini yake kuna rangi ya kawaida ya barabarani, gari hilo lilivalishwa baadaye. Piga picha kila hatua, na uache pale pale uliposugua pakiwa wazi.

Makovu haya yanathibitisha kwamba gari lilikimbizwa. Hayathibitishi lilikimbizwa na nani, wala mwaka gani. Kuna mashindano mengi madogo ya Kenya, Uganda na Tanzania ambayo magari yake yaliandaliwa vivyo hivyo.

Namba pleti inafanana na ya kwenye picha. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Timu za kiwanda zilihamisha utambulisho wa gari mara kwa mara: bodi ikishapondeka, namba na karatasi za forodha zilivishwa bodi mpya, kwa sababu kutengeneza karatasi upya kulichukua muda ambao hawakuwa nao. Madereva binafsi walifanya hivyo kwa uhaba wa fedha. Pleti yenyewe ni bati linalofunguliwa kwa boliti mbili.

Linganisha kitu kisichohamishika kirahisi: umbo la kipande kilichochomelewa, tundu lililokosewa, mkunjo kwenye fremu ya kioo. Picha mbili kali za wakati ule, moja ya kila upande, zina thamani kuliko pleti.

Wanasema gari langu lilikuwa la kiwanda lakini halimo kwenye orodha ya washiriki. Wananidanganya?

Si lazima. Timu kubwa zilileta magari mengi kuliko yale yaliyosimama kwenye jukwaa la kuanzia. Kulikuwa na magari ya kukagua njia wiki kadhaa kabla, ambayo dereva na nevigeta waliyatumia kuandika kona na madaraja. Kulikuwa na magari ya sevisi. Kulikuwa pia na magari yaliyotangulia siku yenyewe kuangalia mvua imefanya nini na kuonya wanaofuata. Yote yaliimarishwa kwa namna inayokaribiana na ile ya gari la mashindano, na ndiyo yaliyouzwa papa hapa kwa wepisi zaidi, kwa kuwa ya ushindi yalirudishwa makwao kuoneshwa.

Magari haya yanastahili historia yake kamili, bila kuongezewa sifa ya jukwaani. Gari la kukagua njia lilipita kila kilomita ya njia ile, pengine zaidi ya mara moja. Liandike hivyo kwa fahari.

Kuna magari ya ushindi ambayo yanajulikana yalipo?

Yapo. Nissan wana mkusanyiko wao Zama, Japani, ambako Datsun 240Z ya Herrmann ya mwaka 1971 inatunzwa baada ya wafanyakazi wa kampuni kuikarabati mwaka 2013. Kwa mtu anayekarabati Datsun ya wakati huo, picha za gari hilo ni shule, mradi akumbuke kwamba nalo limeguswa na mikono ya baadaye.

Nyumbani, mahali pazuri pa kukutana na magari ya zamani na wenyewe ni maonesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza 1970. Nenda na picha zako mkononi na uzungumze na wazee wanaosimama kando ya magari.

Muuzaji ana pasipoti ya kihistoria ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Huo si uthibitisho?

Ni uthibitisho wa jambo jingine. Pasipoti ya kiufundi inasema gari limejengwa kulingana na vipimo vilivyoruhusiwa katika kipindi fulani, ili liruhusiwe kushindana leo. Escort iliyojengwa mwaka jana kwa bodi ya kawaida inaweza kuipata. Maisha ya gari hilo yatafutwe kwingine.

Na stika za Safari Classic?

East African Safari Classic ilianza 2003, nusu karne baada ya ile ya kwanza, na hushirikisha magari ya miundo ya zamani. Björn Waldegård aliishinda 2007 na 2011, Stig Blomqvist 2015. Ni historia halali, lakini ni ya karne hii. Gari lenye stika hizo huenda lilijengwa kwa ajili yake tu.

Nilipake rangi upya?

Usipake mpaka umemaliza kutafiti. Rangi, kutu, mabaki ya gundi ya stika na matope yaliyoganda ndani ya chesisi ni nyaraka, na vikishatolewa havirudi. Nimewahi kuoneshwa boneti iliyong'arishwa vizuri mno, na picha moja tu ya simu iliyopigwa kabla, ambamo jina la nevigeta lilikuwa bado linasomeka.

## Watu

Jina la dereva limeandikwa kwa njia tatu tofauti. Nishike lipi?

Shika lile alilosaini mwenyewe, na uyatafute yote. Waldegård huandikwa Waldegaard na Waldegard. Källström hupoteza nukta zake. Hillyar huwa Hillyer. Kwa Masingasinga tahadhari zaidi: Singh ni jina la wengi, na gazeti lililoandika "Singh" tu huenda linamsema Joginder, Jaswant au mtu wa familia nyingine kabisa. Tafuta jina la kwanza, namba ya gari na mji.

Babu yangu alikuwa nevigeta. Mbona hatajwi?

Kwa sababu waandishi walifupisha. Vichwa vya habari vilimtaja anayeshika usukani, na nevigeta akaja kwenye jedwali dogo ambalo wengi hawalisomi. Anza na jedwali hilo, kisha orodha ya washiriki. Ukikuta dereva, chunguza miaka yake yote. Manevigeta walibadilishana magari, na mtu aliyekaa na dereva mmoja 1966 unaweza kumkuta na mwingine 1969. Nyumbani, tafuta vitabu vya njia. Nevigeta wengi walivitunza, vina mwandiko wao, na mwandiko ni ushahidi.

Wanawake walishiriki?

Walishiriki tangu zamani. Pat Moss alimaliza wa tatu mwaka 1962 kwa Saab. Anne Hall na Lucille Cardwell, mkazi wa Kenya, walikimbia pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Orie Rogo Manduli, ambaye wengi wanamkumbuka kama mwanasiasa, aliendesha Safari miaka ya 1970.

Ugumu wa kuwatafuta uko kwenye majina. Magazeti ya miaka ya 1950 na 1960 yalipenda kumwandika mwanamke kwa jina la mumewe, na akiolewa upya anapotea kabisa. Tafuta kwa jina la ukoo la mume, kisha tafuta matangazo ya harusi na ya vifo ili urudishe jina lake mwenyewe.

Nitawapataje mafundi?

Hili ndilo swali ninalotaka liulizwe kuliko yote. Hakuna gari lililomaliza Safari bila watu waliolala chini yake usiku wa manane, kwenye matope, wakibadilisha giaboksi kwa tochi. Wengi wao walikuwa makanika na spanaboi Waafrika na Waasia wa Nairobi, Mombasa, Kampala, Arusha na Dar es Salaam. Magazeti hayakuwataja. Kwenye picha wamo, wameinama, na maelezo ya chini ya picha yanamtaja dereva tu.

Anza na gereji na wakala wa magari. Uliza nani alikuwa msimamizi wa karakana mwaka ule; yeye atakutajia wawili, na hao wawili watakutajia wanne. Nenda Ijumaa alasiri au Jumamosi kwenye gereji za zamani, kazi ikishapungua. Nenda na picha kubwa zilizochapwa, usiwape wazee simu ya kukodolea macho. Mzee akishika picha ataanza na mikono: huyu mwenye ovaroli ni fulani, yule aliyegeuka mgongo ni marehemu fulani. Andika majina papo hapo nyuma ya nakala, kwa penseli.

Ukipata majina, yaweke kwenye historia ya gari pale pale lilipo jina la dereva, yasiende kwenye shukrani za ukurasa wa mwisho.

Nawezaje kumhoji mzee bila kumwekea maneno mdomoni?

Usianze na jibu. Usimuulize, "Ni kweli Joginder aliendesha hili?" kwa maana adabu yenyewe itamfanya akubali. Muulize, "Shikamoo mzee, mwaka huo ulikuwa wapi Pasaka?" na umwache aende. Uliza vitu anavyovikumbuka mwili: walilala wapi, walikula nini, sehemu gani ya gari iliwasumbua. Kumbukumbu za vitu hivi hudumu kuliko za tarehe. Tarehe utazipata kwenye gazeti.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na umwambie utaitumiaje. Rudi na nakala iliyoandikwa umsomee. Akisema jambo fulani lisitoke hadharani, lisitoke.

## Kesi ngumu

Vyanzo viwili vinataja washindi tofauti, au kimoja kinasema hakukuwa na mshindi. Nani mkweli?

Huenda vyote viwili. Mwaka 1953 magari yaligawanywa kwa madaraja ya bei ya dukani, na hakukuwa na mshindi wa jumla. Alan Dix na Johnny Larsen, waliokuwa na Volkswagen, walishinda daraja lao. Baadaye orodha nyingi zikawaweka kama washindi wa mwaka huo. Ukiandika, taja hali ilivyokuwa siku ile, kisha useme orodha za baadaye zilifanya nini.

Mwaka 1973 ni mfano mwingine. Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza na adhabu sawa kabisa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Mtu akikuambia "walitoka sare" na mwingine akakuambia "Mehta alishinda", hawapingani.

Gari halikumaliza. Lina historia ya kutafutwa?

Lina. Mwaka 1963 na tena 1968, zaidi ya magari 80 yalianza na 7 tu yakamaliza. Ukiwaacha wasiomaliza, umeiacha karibu Safari yote ya miaka hiyo. Kwa gari lililotoka, tafuta kituo cha mwisho lilipogonga kadi, kisha waulize watu wa pale. Gari lililozama mtoni mwaka 1968 lilivutwa na mtu fulani, kwa trekta la mtu fulani, na kijijini hadithi hiyo bado inasimuliwa.

Magari mawili yanadai kuwa gari lile lile. Tunaamuaje?

Usiamue mapema. Kutokana na uhamishaji wa utambulisho ulioelezwa kwenye swali la namba pleti, huenda moja lina bodi ya asili na jingine lina karatasi za asili, na kila mmiliki ana ukweli nusu. Andaa jedwali moja la tarehe kwa magari yote mawili, uwaoneshe wote wawili kwa wakati mmoja, na uweke wazi pengo la kila upande. Fedha zikiingia kati, usikubali kulipwa kwa matokeo. Ukikubali malipo, yawe ya muda wako, na yajulikane.

Nimetafuta kila mahali na sijapata jina la gari wala la mtu. Nifanye nini?

Andika ulipotafuta na ulichosoma, kwa tarehe, hata kama hukuambulia kitu, ili atakayefuata asirudie mikrofilamu zile zile. Kisha geuza swali. Badala ya gari, fuata wakala aliyeliuza. Badala ya dereva, fuata klabu yake au kampuni iliyomwajiri. Badala ya Safari, tafuta mashindano madogo ya mwaka ule ule, ambako mtu yule yule huenda alijizoeza. Acha nakala ya picha yako, yenye namba yako ya simu nyuma, kwenye gereji mbili tatu za zamani. Na usichelewe kwa wazee: makaratasi ya Nyaraka za Taifa yatakuwepo mwakani.